Chanzo cha Mionzi Kilichomaliza Kazi: Njia Nne za Kukiondoa, na Ipi Inamfaa Nani Kanda ya Ziwa

Kwa wafanyabiashara wengi wa Mwanza, Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, yaani TAEC, inajulikana kwa karatasi moja tu: cheti cha upimaji wa mionzi kinachoambatana na shehena ya chakula inayokwenda nje ya nchi. Tume hiyo, ambayo imeundwa kwa Sheria ya Nguvu za Atomiki Namba 7 ya mwaka 2003, ina kazi nyingine isiyoonekana sana ambayo ni nzito zaidi, nayo ni kusimamia vyanzo vya mionzi vilivyofungiwa ndani ya mashine tunazopishana nazo bila kuzitambua. Vimo kwenye geji zinazopima uzito wa tope la madini ndani ya mabomba ya migodi, kwenye geji za kubeba mkononi ambazo wakandarasi wa barabara hupimia ushindiliaji wa udongo, kwenye kamera za kukagulia maungio yaliyochomelewa ya matangi na mabomba, na kwenye baadhi ya mashine za kutibu saratani.

Makala haya yameandikwa kwa ajili ya mtu ambaye kimojawapo cha vyanzo hivyo kimemaliza kazi mikononi mwake. Mgodi unafungwa, mradi wa barabara umekwisha, kiwanda kimebadili mtambo, au nguvu ya chanzo imepungua hadi hakifai tena. Leseni bado ina jina lake, kasha limo stoo, na anaulizwa na wakubwa wake kitu hicho kitakwenda wapi. Njia halali ziko nne: kukirudisha kwa mtengenezaji nje ya nchi, kukikabidhi kwenye hifadhi ya mabaki ya mionzi ya TAEC iliyoko Arusha, kukitunza palepale kilipo, kwa kibali, hadi mionzi yake idhoofike, au kukihamishia kwa mtumiaji mwingine mwenye leseni. Kukisahau si njia, ingawa maafa mengi nitakayoyataja yalianzia hapo.

Vigezo vya ulinganisho

Nitazipima njia zote nne kwa vigezo vilevile vitano. Cha kwanza ni nusu uhai, yaani muda ambao nguvu ya chanzo hupungua kwa nusu. Cha pili ni dhamana: baada ya kukabidhi, nani anabaki akiwajibika, na ni mkataba gani wa kitaifa au wa kimataifa unaomshika. Cha tatu ni ulinzi katika kipindi cha kusubiri, ambacho kwa kawaida huwa kirefu kuliko mtu alivyopanga. Cha nne ni safari yenyewe, na cha tano ni fedha.

Kabla ya vigezo hivyo vyote, mwenye chanzo anapaswa kujua daraja lake. Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, IAEA, ambalo makao yake makuu yako Vienna na ambalo Tanzania ni mwanachama wake, huvipanga vyanzo katika madaraja matano. Chanzo cha daraja la kwanza kikiwa wazi bila kinga kinaweza kumuua mtu aliyekaa karibu nacho kwa dakika chache hadi saa moja. Cha daraja la tano ni vigumu kumdhuru mtu kabisa. Mashine za kobalti za tiba huangukia daraja la kwanza, kamera za radiografia ya viwandani, zile za kukagulia maungio, daraja la pili, geji zilizofungwa kwenye mitambo daraja la tatu au la nne, na geji za kubeba mkononi daraja la nne. Mtu anayesema tu kwamba "tuna chanzo" bila kutaja aina yake na daraja lake hajafikia hatua ya kuchagua.

Nusu uhai

Kigezo hiki kinaondoa baadhi ya njia mezani kabla ya mazungumzo mengine. Iridiamu-192, inayotumika kwenye kamera za radiografia, ina nusu uhai ya siku 74. Kobalti-60 ina miaka 5.27, sesiamu-137 miaka 30, na amerisiamu-241 miaka 432. Radiamu-226, ambayo bado hupatikana kwenye vifaa vya zamani vya hospitali duniani, ina miaka 1,600.

Kutunza palepale kunafaa pale tu ambapo hesabu hii inakubali. Chanzo kipya cha iridiamu chenye nguvu ya terabekereli 3.7 (bekereli ni kipimo cha nguvu ya chanzo, na terabekereli moja ni bekereli trilioni moja) hushuka chini ya mpaka wa daraja la tatu ndani ya miezi 14 hivi, kikawa si miongoni mwa vile vinavyohesabiwa kuwa hatari kwa maisha. Hata hivyo, kufikia bekereli 10,000, kiwango ambacho viwango vya kimataifa huruhusu kitu hicho kitoke chini ya udhibiti, huchukua karibu miaka sita, na uamuzi wa kukiachia ni wa mdhibiti, si wa mwenye stoo. Kwa kobalti ya hospitali hesabu ni ngumu zaidi. Chanzo chenye terabekereli 300 kikikaa miaka kumi na nusu kinabakiwa na 75, wakati mpaka wa daraja la kwanza kwa kobalti ni 30. Yaani muongo mzima umepita na bado kiko katika daraja la hatari kubwa kuliko yote. Sesiamu na amerisiamu hazina nafasi kabisa katika njia hii, na hapa wakandarasi wa barabara hujichanganya, kwa sababu geji yao ya mkononi kwa kawaida hubeba vyanzo viwili, sesiamu-137 kwa msongamano na amerisiamu-241 iliyochanganywa na beriliamu kwa unyevu, na hicho cha pili hakitasubiriwa na mtu yeyote aliye hai.

Kuna jambo jingine ambalo watunza stoo wa kamera za radiografia hulikuta wakiwa wamechelewa. Kinga iliyomo ndani ya kamera nyingi imetengenezwa kwa urani hafifu, kwa kuwa ni nzito kuliko risasi. Iridiamu itakwisha, urani haitakwisha, na urani hiyo ni madini ya nyuklia ambayo nchi huyatolea hesabu kwa IAEA chini ya makubaliano ya ukaguzi. Kamera tupu si chuma chakavu.

Kwa njia ya kurudisha nje, nusu uhai ndefu si kikwazo. Mtengenezaji anaweza kuchukua sesiamu au amerisiamu na kuitumia tena, na mara nyingine chanzo kirefu kina thamani kwake kuliko kifupi. Kwa Arusha, nusu uhai ndefu inapokelewa lakini inabadili maana ya neno hifadhi: sesiamu inahitaji kulindwa kwa takriban miaka 300 ili ipungue mara elfu moja, na amerisiamu zaidi ya miaka 4,000. Kwa uhamisho kwenda kwa mtumiaji mwingine, swali linageuka na kuwa kama chanzo bado kina nguvu ya kumfaa na kama kapsuli yake, yaani ganda la chuma lililokifungia, haijapita umri ambao mtengenezaji aliupendekeza.

Dhamana na mikataba

Hapa ndipo ushirikiano wa kimataifa unapoingia moja kwa moja katika uamuzi wa meneja wa Nyakato au wa Geita, ingawa mikataba yenyewe imeandikwa kwa lugha ya serikali na serikali.

Njia ya kurudisha nje inategemea Kanuni za Maadili za IAEA kuhusu Usalama na Ulinzi wa Vyanzo vya Mionzi, zilizoidhinishwa mwaka 2003. Kanuni hizi hazina nguvu ya sheria. Nchi huzikubali kwa barua ya ahadi ya kisiasa, na zaidi ya nchi 140 zimefanya hivyo. Zinaitaka nchi ya mtengenezaji iruhusu chanzo kilichomaliza kazi kurejea katika ardhi yake, lakini pale tu ambapo sheria yake ya ndani imekubali kirejeshwe kwa mtengenezaji aliyeidhinishwa. Kifungu cha 28 cha Mkataba wa Pamoja wa mwaka 1997 kuhusu usalama wa mafuta yaliyotumika na taka za mionzi, mkataba ambao una nguvu ya sheria kwa waliouridhia, kinasema karibu hayo hayo. Maana yake kwa mwenye chanzo ni kwamba hakuna haki ya kurudisha inayojitegemea. Iko ahadi iliyomo kwenye mkataba wa mauzo, na ahadi hiyo inaungwa mkono na nchi mbili. Kampuni iliyouza ikifa au ikinunuliwa na nyingine, ahadi inaweza kuyeyuka. Kwa upande wa faida, chanzo kikipokelewa na hati ya kukiri mapokezi ikatolewa, dhamana inaondoka nchini kabisa, na hakuna njia nyingine inayofanya hivyo.

Ziko nchi zilizolifanya jambo hili kuwa lazima. Ufaransa humtaka msambazaji avichukue vyanzo vyake tena, na mtumiaji avirudishe ndani ya miaka kumi isipokuwa akiongezewa muda. Umoja wa Ulaya, kwa agizo la mwaka 2003, ulitaka vyanzo vyenye nguvu kubwa viwe na dhamana ya fedha tangu siku ya kununuliwa. Mimi naona sharti hili lingewafaa wanunuzi wa huku hata kabla sheria haijawalazimisha, kwa kuwa kipengele cha kurudisha ni rahisi kukipata mezani pa mauzo kuliko miaka kumi na mitano baadaye.

Kwa njia ya Arusha, dhamana inahamia kwa taifa. Ni faraja kwa mwenye chanzo, kwa sababu kampuni hufilisika na miradi hufa, lakini dola hubaki. Yapo mambo mawili ya kupima kwa haki. Kwanza, iliyopo Arusha ni hifadhi, si mahali pa kuzika moja kwa moja, kwa hiyo kizazi kijacho kitalazimika kuamua tena; Afrika Kusini, kupitia AFRA, ambao ni mpango wa ushirikiano wa nchi za Afrika katika sayansi ya nyuklia, ilibuni njia ya kuzika vyanzo katika kisima chembamba kinachochimbwa mita 30 au zaidi kwenda chini, na Ghana na Malaysia zilichaguliwa kuifanyia majaribio. Pili, sheria yetu imeipa TAEC kazi ya kudhibiti matumizi ya mionzi pamoja na kazi ya kuyaendeleza, hivyo mpokeaji wa chanzo na mkaguzi wa mapokezi hayo wako chini ya paa moja. Kenya iliunda mamlaka ya udhibiti inayojitegemea mwaka 2019. Sisemi kwamba utaratibu wetu umeleta madhara. Nasema viwango vya IAEA vinasisitiza uhuru wa mdhibiti, na mwenye chanzo makini ataomba hati ya mapokezi yenye namba ya chanzo, tarehe na kiwango cha nguvu, aitunze kama anavyotunza hati ya kiwanja.

Kwa kutunza palepale, dhamana haiendi popote. Leseni inaendelea, ada zinaendelea, msimamizi wa kinga ya mionzi lazima awepo hata kama kazi yake yote ni kufungua mlango mmoja mara chache kwa mwaka, na mkaguzi ataendelea kuja. Kwa uhamisho, dhamana inahama siku mpokeaji anapothibitishwa kuwa na leseni ya chanzo cha aina hiyo na kiwango hicho, na jukumu la kuthibitisha liko kwa anayetoa. Soko la pamoja la Afrika Mashariki halifuti sharti hili: geji inayovushwa Sirari kwenda Kenya au Mutukula kwenda Uganda inahitaji vibali vya wadhibiti wa pande zote mbili, sawa na ingekuwa inatoka Ulaya.

Mkataba wa Bamako wa mwaka 1991 unakataza kuingiza barani Afrika taka hatari kutoka nje ya bara, zikiwemo za mionzi, na Mkataba wa Pelindaba, ulioanza kutumika mwaka 2009, unakataza kutupa taka za mionzi katika eneo la Afrika. Mikataba hii haimzuii mtu kutumia Arusha, lakini inampa mdhibiti nguvu ya kumwambia mkandarasi wa kigeni aliyeingia na geji yake kwamba aondoke nayo. Na kutokana na hayo yote kuna tahadhari moja ya kisheria ambayo ni rahisi kuipuuza: chanzo kikishatangazwa rasmi kuwa taka, nchi nyingi za watengenezaji hazitakipokea tena. Kikiendelea kuitwa chanzo kilichomaliza kazi, mlango wa kurudisha unabaki wazi. Kwa hiyo anayesitasita kati ya Arusha na nje asianze kwa kuandika barua ya kutangaza taka.

Ulinzi wakati wa kusubiri

Ningependa msomaji akae zaidi kwenye kigezo hiki, kwa kuwa njia zote nne hupitia kipindi cha kusubiri, na wezi wa chuma chakavu hawaulizi umechagua ipi.

Mwaka 1993 nchini Uturuki, kampuni yenye leseni ilifungasha vyanzo vitatu vya kobalti vya tiba ili virudishwe kwa msambazaji Marekani. Uamuzi ulikuwa sahihi na makasha yalikuwa sahihi. Shehena haikuondoka. Ilikaa Ankara hadi mwaka 1998, kisha makasha mawili yakapelekwa Istanbul kwenye ghala la kawaida. Ghala lilipojaa, yakasogezwa kwenye jengo tupu la jirani. Jengo likapata wamiliki wapya, nao, bila kujua kilichomo, wakayauza kama chuma chakavu. Desemba mwaka huo makasha yalifunguliwa. Watu 18 walilazwa, kumi kati yao wakiwa na dalili za ugonjwa mkali wa mionzi. Hakuna hatua hata moja katika mfululizo huo iliyokuwa ya uovu. Kila moja ilikuwa ya kusogeza mzigo ili kupata nafasi.

Nchini Brazil, mjini Goiânia, kliniki ya mionzi ilihama jengo lake na kuacha nyuma mashine ya sesiamu bila kumjulisha mdhibiti. Septemba 1987 watu wawili waliingia katika magofu, wakaivunja, na unga unaong'aa kwa rangi ya buluu ukapita kutoka mkono hadi mkono. Wanne walikufa, 249 walikutwa wamechafuka, na zaidi ya watu 110,000 walipimwa. Huko ni kutunza palepale bila kutunza.

Uhamisho nao una historia yake. Mashine ya kobalti iliyotumika ilinunuliwa Marekani na kuingizwa Mexico mwaka 1977 bila kibali, ikakaa ghalani Ciudad Juárez miaka sita, kisha ikavunjwa na punje zake zikaingia katika tanuri la kuyeyushia chuma. Nondo zilizotoka humo ziligunduliwa Januari 1984 kwa sababu tu lori moja lililobeba chuma hicho lilipita karibu na vifaa vya kupimia mionzi huko Los Alamos. Msaada wa mashine iliyotumika, ambao hospitali zetu hupewa kwa nia njema, unabeba swali hili ndani yake: wanaotoa wamehakikisha nini?

Kwa upande wa Arusha, kipindi cha kusubiri huwa kifupi ikiwa chanzo ni cha daraja la nne au la tano, maana kinaweza kuchukuliwa na wataalamu wa Tume kwa gari lenye kibali. Kwa chanzo cha daraja la kwanza, kukitoa kwenye mashine kunahitaji chumba cha kinga chenye mikono ya kuendeshea kwa mbali. IAEA na wataalamu wa Afrika Kusini walitengeneza chumba cha aina hiyo kinachohamishika, ambacho kuta zake hujazwa mchanga, na mwaka 2009 kilitumika Sudan na hapa Tanzania. (Kilitengenezwa Pelindaba, mahali palepale palipoupa jina ule mkataba.) Msaada wa namna hiyo huombwa kupitia serikali, na mpango wa ushirikiano wa kiufundi wa IAEA hupangwa kwa mizunguko ya miaka miwili, kwa hiyo hospitali itakayoomba leo isitarajie kuhudumiwa mwezi ujao.

Kwa vyovyote vile, wakati wa kusubiri stoo iwe na kufuli mbili zenye funguo kwa watu wawili tofauti, chanzo kihesabiwe kwa tarehe zilizopangwa na kwa kifaa cha kupimia mionzi, si kwa kutazama kasha tu, na jina lake liandikwe kwenye makabidhiano kila meneja anapobadilika. Wanunuzi wa chuma chakavu wa Igoma na Mabatini wanastahili kuonyeshwa alama mbili: ile ya mapanga matatu, na ile nyekundu iliyoongezwa mwaka 2007 yenye fuvu na mtu anayekimbia, ambayo hubandikwa ndani ya kifaa ili anayekivunja aione kabla hajafika kwenye kapsuli.

Safari

Kutunza palepale hakuna safari, na hiyo ndiyo sifa yake kubwa. Uhamisho ndani ya Mwanza au Geita una safari fupi. Kwenda Arusha, mzigo hupita Shinyanga, Nzega, Singida na Babati, barabara ya lami yenye msongamano wa mabasi na malori. Kurudisha nje kunaongeza safari ya zaidi ya kilomita 1,000 hadi Dar es Salaam, kisha meli au ndege.

Makasha ya vyanzo vikubwa, yale ya aina B, hujaribiwa kwa kudondoshwa kutoka mita tisa kwenye sakafu isiyobonyea na kwa moto wa nyuzi 800 kwa dakika 30, hivyo ajali ya lori peke yake haipasi kuyafungua. Ugumu uko kwingine. Cheti cha kasha huisha muda, cheti cha umbo maalumu, kinachothibitisha uimara wa kapsuli, huisha muda, na chanzo kilichokaa miaka ishirini mara nyingi hakina kimojawapo. Halafu kampuni nyingi za meli na ndege hukataa mzigo wa mionzi hata kama kila karatasi iko sawa. Tatizo hili la kunyimwa usafiri limekuwa likijadiliwa IAEA kwa miaka mingi.

Vyanzo vidogo vina hatari tofauti. Januari 2023 huko Australia Magharibi, geji ya mgodi ilisafirishwa kilomita 1,400 kwa lori; mtikisiko ulilegeza skrubu, na kapsuli ya sesiamu yenye milimita sita kwa nane, ndogo kuliko punje ya harage, ikadondokea barabarani. Geji iliondoka mgodini tarehe 12, upungufu ukagunduliwa tarehe 25, na kapsuli ikapatikana kando ya barabara tarehe 1 Februari. Kilichokosekana ni kipimo cha mionzi siku mzigo ulipofika. Anayepeleka geji Arusha au Dar es Salaam apime anapofunga na apime anapofungua, siku hiyohiyo.

Fedha

Kigezo hiki hakinihitaji maneno mengi. Kutunza palepale huonekana bure mwaka wa kwanza, kisha ada za leseni, mshahara wa msimamizi na mlinzi hujumlishwa bila kikomo isipokuwa kwa iridiamu. Arusha ina malipo ya mara moja. Kurudisha nje ndiyo ghali zaidi kwa malipo ya siku moja, na gharama yake kubwa si chanzo bali kasha na usafiri; ndiyo maana vyanzo kadhaa vya kampuni tofauti vikisafirishwa pamoja kwa kasha moja, mzigo hugawanyika. Uhamisho unaweza hata kuingiza fedha, na hiyo ndiyo sababu ya kuutilia shaka unapopendekezwa kwa haraka.

Kulingana na hali yako

Kama wewe ni mkandarasi wa barabara mwenye geji ya mkononi na una miradi mingine, au unamjua mkandarasi mwenye leseni anayehitaji kifaa kama hicho, uhamisho ndio unaokufaa, mradi kipimo cha uvujaji kifanyike kwanza na TAEC Kanda ya Ziwa ijulishwe kabla geji haijaondoka uani. Geji ikiwa imevunjika au mtengenezaji wake hayupo tena, peleka Arusha. Kama uliiingiza nchini kwa muda tu kwa ajili ya mradi, unaondoka nayo. Hapo hakuna cha kuchagua.

Kama wewe ni msimamizi wa mgodi unaokaribia kufungwa, una geji nyingi za sesiamu zilizotoka kwa watengenezaji wawili au watatu, anza miaka miwili kabla ya siku ya kufunga. Waandikie watengenezaji wote kwa pamoja, omba vyeti vya umbo maalumu vilivyopotea, na watakaokubali wapelekee katika shehena moja. Zilizobaki ziende Arusha wakati mgodi bado una walinzi, umeme na fedha benki. Mgodi uliokwisha kufungwa ndio stoo mbaya kuliko zote.

Kama una kampuni ya radiografia na vyanzo vyako ni iridiamu, mfumo wa kubadilishana na mtengenezaji, ambapo kipya kikija cha zamani kinaondoka katika kasha hilohilo, ni mwepesi kuliko njia zote. Ukiwa umekosa huduma hiyo, kutunza palepale kwa kibali kunakubalika. Kamera yenyewe, kwa sababu ya urani yake, iombee njia tofauti tangu mapema.

Kama wewe ni hospitali yenye mashine ya kobalti, usisubiri chanzo kichoke ndipo uulize. Mkataba wa kubadilisha chanzo uwe na sharti la kuondoa cha zamani siku ileile, ukitaja nani analipia kasha na nani ana cheti chake. Ikiwa unafikiria kuhamia mashine ya umeme isiyo na chanzo, jambo ambalo Idara ya Nishati ya Marekani imekuwa ikizisaidia nchi mbalimbali kulifanya, kuondolewa kwa kobalti kuwe ndani ya makubaliano ya msaada huo, na uulize pia kuhusu umeme wa uhakika na mafundi, kwa sababu mashine hizo hazivumilii mkatiko kama kobalti inavyouvumilia.

Na kama umekuta tu kasha zito lenye alama ya mapanga matatu katika stoo uliyorithi, lisilo na karatasi wala namba inayosomeka, bado huna njia ya kuchagua. Funga mlango, zuia watu, usilisogeze wala kulipima uzito, na upigie ofisi ya TAEC ya kanda. Watakapokuja na vifaa wakalitambua, utarudi kwenye nusu uhai ukianza upya.